Dola 50 hazikutoshi meza ya poka ya senti 5/10

Hazitoshi, ndugu. Kuingia kamili kwenye senti 5/10 (dau mbili za lazima, ndogo na kubwa) ni dola 10, yaani una pesa za kuingia mara tano tu. Hizo huisha jioni moja hata ukicheza vizuri: umeshika A mbili, mwenzako K mbili, pesa zote zimeingia kabla karata za mezani hazijafunguliwa, na bado karibu mara moja kati ya tano unaliwa.

Shuka senti 1/2. Pale kuingia ni dola 2, una mara 25. Ndiyo hesabu ya Chris Ferguson, mcheza poka wa kulipwa aliyeanza na sifuri kwenye tovuti ya poka ya Full Tilt mwaka 2006 akafikisha dola 10,000 mwaka uliofuata. Meza ya pesa, yaani si mashindano: usiweke zaidi ya asilimia 5 ya mtaji. Sehemu ambayo watu huiruka ni hii: ukila mpaka pesa zako mezani zikapita asilimia 10 ya mtaji wote, unainuka. Inauma, hasa kukiwa na mlevi upande wa pili. Inuka tu.

Senti 2/5 isubiri ufike dola 100. Na hesabu hii inamfaa anayeshinda. Kama unaliwa kila wiki, inakuchelewesha tu kufilisika. Mashindano ya meza nyingi usizidishe asilimia 2 ya mtaji, kwako dola 1, maana unaweza kukaa muda mrefu sana bila kuona zawadi.