Mwekezaji anauliza fomula yake italindwaje Lubumbashi: nimjibu nini?

Msomaji anayetengeneza rangi za nyumba hapa Lubumbashi anauliza: "Kampuni ya Afrika Kusini inataka kuingia ubia nami, ilete mashine na fomula yake. Kwanza inataka kujua vitalindwaje. Mbona wenye migodi wanakuja bila kuuliza hayo?"

Ndugu, wenye migodi wanafuata shaba na kobalti, na madini hayaigwi. Wao wanahofia vibali, kodi na umeme. Mshirika wako analeta ujuzi ambao fundi mmoja akihama anaondoka nao. Mwanauchumi Edwin Mansfield aliyahoji makampuni ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990: kwa kufungua ofisi ya mauzo, takriban 20% tu yaliona ulinzi wa mali ya akili (uvumbuzi, alama za biashara na siri za kazi) kuwa jambo zito; kwa maabara ya utafiti, takriban 80%. Basi ulinzi hafifu haufukuzi mtaji wote, unafukuza ule wenye ujuzi. Tunabaki na wachimbaji na wauzaji. Hilo linaniuma, maana Katanga inatamani kutengeneza malighafi za betri, na kazi hiyo imejaa hataza (haki ya pekee anayopewa mvumbuzi kutumia uvumbuzi wake kwa muda) na siri za viwandani.

Turudi kwako. Hataza na alama za biashara zinalindwa na sheria ya tarehe 7 Januari 1982, na maombi yanapelekwa Wizara ya Viwanda, Kinshasa. Kongo haimo OAPI wala ARIPO, mashirika mawili ya nchi za Afrika yanayosajili hataza na alama kwa pamoja, kwa hiyo cheti cha Yaoundé au Harare hakina nguvu hapa; kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukubadili hilo. Kama mshirika ameshaomba alama kwao, Mkataba wa Paris, makubaliano ya kimataifa kuhusu hataza na alama, unampa miezi 6 kuiomba hapa na kuhesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Kwa hataza ni miezi 12.

Ila fomula ya rangi nisingeiombea hataza, kwani hataza hutangazwa, na baada ya miaka yake kila mtu anaitumia. Itunzeni kama siri: wachache waijue yote, kila mmoja asaini ahadi ya kutoitoa, hata akiacha kazi. Mwekezaji pia huogopa kesi isiyoisha. Wekeni kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama, kwa kanuni za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambao Kongo imo tangu 2012.

Na alama unayouzia leo, iandikishe kwa jina lako kabla ya kusaini chochote. Kampuni ya ubia ipewe leseni tu ya kuitumia, na mkataba useme leseni inakoma siku ubia unapovunjika. Haya yaandikwe kabla mashine hazijavuka mpaka wa Kasumbalesa.