Maji yang'ara, samaki wamekufa

Swali: Nakaa Mji Mkongwe. Nilinunua tangi la kioo la lita 60, nikalijaza maji ya bahari niliyochota Forodhani, jioni ile ile nikatia samaki watano wa rangi alionipatia mvuvi. Siku ya nne wote walikuwa wamekufa, na maji yang'ara kama ya chupa! Nimekosea wapi? Nataka kuanza upya na tangi kubwa, nafasi ipo ghorofani.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Ninayemshuku kwanza ni amonia, nayo haionekani kwa macho. Samaki huitoa kwenye matamvua na kwenye kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Baharini inapotelea mbali. Ndani ya lita 60 samaki watano wanakunywa sumu yao wenyewe.

Wa kutuokoa ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahamili ikiwa si nyingi. Bakteria hao hukaa zaidi juu ya mawe, mchanga na sponji ya chujio, ndiyo maana kuchota maji ya bahari peke yake hakutoshi. Tangi lazima liive. Weka mawe na mchanga, washa pampu, tia kipande cha kamba mbichi wa kuliwa, kama ncha ya kidole, uache kioze. Pima kwa vipimo vya matone, vile vinavyobadilisha rangi ya maji uliyoyachota: amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itafuata njia hiyo hiyo. Zote mbili zikisoma sifuri, tayari. Hesabu wiki 4 hadi 6. Ukipata jiwe au sponji kutoka tangi la zamani la mtu unayemwamini, muda hupungua, kama vile maziwa yanavyowahi kuganda ukiyatia kijiko cha mtindi wa jana.

Mawe si lazima uyatoe baharini. Jiwe la tumbawe la kujengea, kavu, lisilogusa saruji wala chokaa, ukilisugua na kuliosha vizuri linafaa kabisa. Matumbawe hai yaache yalipo.

Maji usichote tena Forodhani. Mitaro ya mji inamwagika pwani ile. Mwombe mwenye ngalawa akuchotee nje, maji yakiwa yamejaa, na isiwe siku za mvua kubwa za masika. Yachuje kwa kitambaa safi. Haidromita, yaani kipimo cha kujua chumvi iliyomo majini, isome kati ya 1.024 na 1.026.

Hapa niliwahi kujiponza mwenyewe. Nilipoanza, kila maji yalipopungua nilijazia maji ya bahari. Mfuniko ukafanya ukoko mweupe, nikafurahi kuona "bahari" imekaa. Siku nilipopima nikakuta 1.031, na kamba wangu wote walikuwa wamelala chali. Maji hupaa, chumvi hubaki. Kinachopungua kijazie maji yasiyo na chumvi wala klorini. Maji ya kisima cha mjini usiyatie.

Tangi la lita 200 ni rahisi kulitunza kuliko la 60, kwa sababu kosa dogo halilitikisi upesi. Lakini likijaa, pamoja na mawe na kioo chake, linapita kilo 250. Nyumba za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti, na nyingine zimeshaliwa na mchwa. Mimi ningeliweka chini, pembeni mwa ukuta, mbali na dirisha la jua.

Hita ya kupasha maji joto huna haja nayo. Shida yetu wakati wa kaskazi ni joto: maji yakipita nyuzi 28, elekeza feni juu ya maji na ufungue mfuniko. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo itakayokuokoa, kwa hiyo inunue kabla ya samaki.

Tangi likishaiva, anza na samaki wawili wadogo, usiongeze mwingine mpaka wiki mbili zipite. Wale wanaojificha kwenye anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, ni wavumilivu, na wanaishi hata bila anemoni yenyewe. Kitatange usimguse hata ukipewa bure: wengi wao hula matumbawe hai, atakufa njaa mbele ya macho yako huku chakula kikielea. Kangaja anataka nafasi ya kuogelea, lita 200 hazimtoshi. Bunju mwache kwa watoto wa pwani wamcheke anapojijaza.

Kila wiki mbili badilisha kama lita 30. Maji mapya yawe na chumvi ile ile na joto lile lile.