Maswali ya Wasomaji: Siku ya Kwanza ya Daktari katika Kitengo cha Sumu

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni msimamizi wa mafunzo katika idara ya tiba ya dharura, na kila mwezi hupokea madaktari wanaosomea ubingwa, ambao hukaa nasi kwa wiki nne ili wajifunze tiba ya sumu. Siku ya kwanza huwapa orodha ndefu ya sumu pamoja na viuasumu vyake. Hata hivyo, ifikapo wiki ya pili bado naona kwamba mgonjwa akiletwa, wao huinamia simu zao kutafuta jina la sumu, ilhali mgonjwa amelala mbele yao. Niwaelekeze nini siku hiyo ya kwanza?

JIBU: Ndugu msimamizi, orodha yako si mbaya, ila inakuja mapema mno. Daktari anayepewa majina mia moja kabla ya kumgusa mgonjwa hata mmoja huzoea kutafuta jina kwanza, na katika fani hii jina mara nyingi huja mwisho, au lisije kabisa. Wagonjwa wengi wa sumu huokolewa na mambo ambayo madaktari wako wanayajua tayari: njia ya hewa iliyo wazi, upumuaji unaotosha, shinikizo la damu lililodhibitiwa, sukari iliyopimwa mapema, degedege lililotulizwa na joto la mwili lililoshushwa. Viuasumu vyenyewe ni vichache, na wanaovihitaji ni wachache pia. Kwa hiyo ningekuomba asubuhi ya kwanza uwapeleke kitandani kwa mgonjwa, na orodha uiache hadi alasiri.

Hapo kitandani wafundishe kumsoma mgonjwa kwa macho na mikono. Tuseme ameletwa mtu aliyechanganyikiwa, moyo unamwenda mbio, mboni zimetanuka na mwili unamchemka. Huenda amemeza dawa zinazozuia asetilikolini (kemikali ya mwili inayopitisha ujumbe wa neva), kama zilivyo baadhi ya dawa za zamani za mzio, au huenda ametumia vichangamshi kama kokeini na amfetamini. Ukisimama mwisho wa kitanda huwezi kutofautisha. Vaa glavu, pitisha vidole kwapani: pakiwa pakavu kabisa, fikiria lile kundi la kwanza, pakiwa pamelowa jasho, fikiria la pili. Kisha papasa chini ya kitovu uone kama kibofu kimejaa, na uweke stethoskopu tumboni usikilize, kwa kuwa anayezuiliwa asetilikolini hushindwa kukojoa na matumbo yake hunyamaza. Mimi huwataka madaktari wapya wafanye hivyo mmoja mmoja, nami nikiwa kando, kwa sababu nimeona kwamba aliyelipapasa kwapa kwa mkono wake halisahau tena, na aliyelisoma tu hulisahau mgonjwa wa kwanza anapofika usiku wa manane.

Vivyo hivyo kwa dawa za jamii ya afyuni: mboni ndogo kama ncha ya sindano, usingizi mzito, na pumzi chache ambazo ni lazima zihesabiwe kwa dakika nzima badala ya kukisiwa. Waambie mapema kwamba naloksoni, kiuasumu cha dawa hizo, hutolewa ili mgonjwa apumue, wala lengo si kumwamsha aketi azungumze. Kwa mtu aliyezoea dawa hizo, dozi ya kuanzia inaweza kuwa ndogo kama miligramu 0.04, ikiongezwa polepole. Wajue pia kwamba nguvu yake huisha mapema kuliko ya dawa nyingi inazozipinga, hasa methadoni, hivyo mgonjwa aliyezinduka asiruhusiwe kwenda zake kwa sababu tu amezinduka.

Sumu ya oganofosfeti, iliyomo katika viuatilifu vingi, ndiyo ninayotumia muda mwingi zaidi kuifundisha. Nilipokuwa nikisomea ubingwa, niliandika kwenye jalada la mgonjwa mmoja kwamba amekunywa sabuni ya maji, kwa kuwa chupa iliyoletwa naye ilikuwa na lebo ya sabuni. Nikaendelea na wagonjwa wengine. Muuguzi ndiye aliyenifuata, akaniambia kwa upole, "Daktari, njoo uone mto wake." Mto ulikuwa umelowa mate, mboni zilikuwa zimesinyaa, na kifua kilikuwa kinakoroma kwa majimaji. Mtu alikuwa amehifadhi kiuatilifu katika chupa tupu ya sabuni. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi kwamba chupa iletwe, ikaguliwe na vidonge vihesabiwe, lakini lebo na mwili vikipingana, waufuate mwili. Na huwaambia vilevile kwamba muuguzi akiwaita, waende.

Mgonjwa wa namna hii huuawa na mapafu yanayojaa majimaji, njia za hewa zinazobana na moyo unaopungua kasi. Avuliwe nguo, aoshwe ngozi, na wanaomhudumia wajikinge. Atropini, kiuasumu chake, huanza kwa miligramu 1 hadi 3 kwa mtu mzima, na kama hali haijabadilika baada ya dakika 5, dozi huongezwa mara mbili, kisha mara mbili tena, hadi kifua kisikike kikavu, moyo upige zaidi ya mara 80 kwa dakika na namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu izidi 80. Kosa ambalo nimeliona likirudiwa ni daktari kusita eti kwa sababu mboni zimetanuka au moyo umeanza kwenda mbio, huku kifua bado kinakoroma. Mboni hazimuui mtu. Kifua ndicho cha kusikilizwa, tena kwa kurudi kila baada ya dakika chache.

Jambo jingine la siku ya kwanza ni saa. Aliyemeza parasetamoli kupita kiasi anaweza kuketi kitandani siku nzima ya kwanza akiwa na kichefuchefu kidogo tu, akiomba kurudi nyumbani, wakati ini lake limo hatarini. Chati ya Rumack na Matthew, iliyochapishwa mwaka 1975, hutuonyesha nani atibiwe kwa asetilisisteini, kiuasumu cha parasetamoli, lakini huanza kusomeka saa 4 baada ya kumeza, na haifai kwa mtu asiyejulikana alimeza lini au aliyemeza kwa vipindi kadhaa. Vituo vingi huanzia tiba kwenye mikrogramu 150 za parasetamoli kwa mililita ya damu katika saa hiyo ya 4, na Uingereza hutumia 100. Dawa ikianza kabla ya saa 8 kupita tangu kumeza, ini hunusurika karibu kila mara.

Sasa, lugha yetu ina mtego hapa. Ndugu wa mgonjwa akisema "alimeza saa nne", huenda anakusudia saa nne asubuhi, saa nne usiku, au muda wa saa nne uliopita. Na daktari aliyechoka akiandika tarakimu 4 peke yake kwenye jalada, mwenzake wa zamu inayofuata ataisoma kuwa ni alfajiri. Wafundishe kuuliza kwa kutumia matukio: ilikuwa kabla au baada ya chakula cha mchana, nani alikuwa nyumbani, jua lilikuwa limezama? Kisha waandike wakati kamili na jina la aliyewaambia.

Kuhusu vipimo, nitasema kwa ufupi. Kipimo cha dawa katika mkojo hukosa sumu nyingi, na kikionyesha kitu, hakithibitishi kwamba ndicho kilichomlaza mgonjwa. Sukari, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kiwango cha parasetamoli na kemia ya damu vina faida kubwa zaidi. Kwenye ECG waanze kwa kupima upana wa QRS, yaani wimbi linaloonyesha umeme ukipita kwenye vyumba vikubwa vya moyo: ukizidi milisekunde 100 kwa mtu aliyemeza dawa za sonona za jamii ya traisikliki, aandaliwe sodiamu baikaboneti.

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimeanza zamu yangu katika kitengo cha sumu. Nilikotoka tulikuwa tukiosha tumbo la kila aliyekunywa sumu, lakini hapa wakubwa wangu wananizuia. Je, hatumwachi mgonjwa na sumu tumboni?

JIBU: Marahaba. Wakubwa wako wako sahihi. Tangu mwaka 1997 vyama vya wataalamu wa sumu vya Marekani na Ulaya vimeshauri kwamba kuosha tumbo kusifanywe kama desturi, kwa kuwa kiasi kinachotolewa ni kidogo na hakitabiriki, wakati hatari ya matapishi kuingia mapafuni ni ya kweli. Mkaa wa dawa, kwa kawaida gramu 50 kwa mtu mzima, hufaa zaidi ukitolewa ndani ya saa 1 kwa mgonjwa aliye macho na anayeweza kumeza vizuri. Hata huo haunasi madini ya chuma, lithiamu wala pombe za aina zote, na haupewi aliyekunywa petroli au tindikali. Kabla ya kuushika, jiulize mambo mawili: sumu bado imo tumboni, na je, koo la mgonjwa liko salama?

SWALI: Wagonjwa wengi ninaowahudumia walikunywa sumu kwa makusudi. Wengine hawataki kusema walikunywa nini, na wauguzi wengine huwakaripia. Nizungumze nao vipi?

JIBU: Ndugu yangu, vuta kiti uketi, macho yenu yawe usawa mmoja, na waombe ndugu zake watoke kidogo. Muulize waziwazi kama alitaka kufa na kama bado anataka. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na wengi hupumua kwa nafuu wanapoulizwa. Kuficha kwake usikuchukulie kuwa ni dharau kwako. Kwa sababu hiyohiyo tunapima parasetamoli kwa kila aliyejidhuru, hata akiapa kwamba hakuimeza. Karipio humfunga mdomo, na kinywa kilichofungwa kinaweza kuficha dawa ya pili ambayo haijaanza kufanya kazi. Asiachwe peke yake, wala asiruhusiwe kabla hajaonwa na mtaalamu wa afya ya akili. Siku atakayotoka, mwandikie dawa za siku chache tu, na uzikabidhi mbele yake kwa mtu wa nyumbani ambaye yeye mwenyewe amemchagua azitunze.