Pointi sawa, lakini timu ya mwanao imetolewa

Pole, dada. Umeuliza kwa nini timu ya mwanao imetolewa mashindanoni wakati ina pointi sawa na wenzenu; hamkuonewa. Kwenye mashindano mengi ya hoki ya barafuni ya watoto huko Ontario, ushindi ni pointi 2, sare 1. Pointi zikilingana, kwa kawaida huangaliwa mlipokutana. Nyie mlitoka sare. Kisha, mara nyingi, mabao ya kufunga hugawanywa kwa jumla ya kufunga na kufungwa, na mwenye uwiano mkubwa hupita. Mlifunga 9 mkafungwa 6: 0.60. Wenzenu 4 kwa 2: 0.67. Siku nyingine mwombe meneja kanuni mapema. Kulalamika baadaye hakufui dafu.

Kinachonisumbua mimi ni hilo ulilosema, kwamba mwanao aligongwa na mchezaji mwingine. Kwa watoto wa umri wa miaka 10, kumvamia mwenzako kwa mwili hakuruhusiwi. Mwanao akilalamika kichwa kinamuuma, asirudi barafuni kabla ya kuonwa na daktari, hata kocha akimhitaji vipi.