Misumari ya jeneza

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, marahaba. Umeuliza napata ladha gani katika tamthilia za Waayalandi, michezo ya watu wa mbali ambayo hata jukwaani sijapata kuiona.

Chukua Riders to the Sea ya Synge, iliyochezwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1904. Ni fupi, unaimaliza kabla maharage hayajaiva. Maurya ni mama wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi. Bahari imeshamla mumewe na wanawe wanne. Wa tano, Michael, hajulikani alipo. Padri analeta furushi la nguo za maiti iliyookotwa mbali kaskazini, Donegal. Binti za Maurya wanalifungua kwa siri. Shati haliwapi hakika, kitambaa kile wanavaa wengi. Ndipo Nora, mmoja wao, anaishika soksi na kuhesabu: aliianza kwa mishono 60, minne ikamponyoka. Ndiyo, ni ya Michael.

Mimi niliyekulea kwa kushona kofia nilikifunga kitabu hapo. Kazi ya mkono wangu naijua hata gizani, kwa kuipapasa tu. Sikuwa nasoma habari za Muayalandi tena.

Na bahari yenyewe huioni, mwanangu. Iko nje ya mlango. Ndani kuna nyavu, gurudumu la kusokotea nyuzi, na mbao mpya zimeegemezwa ukutani. Msomaji anajijengea jukwaa hilo kichwani bila taabu. Mbao amezinunua mama kwa jeneza la Michael, lakini anayeletwa ndani akichuruzika maji ni Bartley, mwanawe wa mwisho. Mafundi wanaulizia misumari. Hakuna, imesahauliwa. Mmoja anashangaa: majeneza yote mama huyu aliyoyaona yakitengenezwa, asikumbuke misumari!

Kilio chochote cha jukwaani hakinifikii kama hiyo misumari.

Ukipenda mengine, ipo Translations ya Brian Friel, ya mwaka 1980. Ndani yake ni mwaka 1833, askari wa Uingereza wanachora ramani ya Ayalandi na kubadili majina ya mahali yawe ya Kiingereza. Bun na hAbhann inageuzwa Burnfoot. Msichana wa kijijini na luteni wa askari hao wanapendana bila kujuana lugha, mwishowe wanabembelezana kwa kutajiana majina ya vijiji. Nimeirudia kurasa hiyo mpaka imelegea.

Vitabu vyote viwili nimempa shangazi yako, anakuja huko Jumamosi. Anza na cha Synge, kisome kwa sauti. Ukifika kwenye soksi, nipigie.

Mama yako