Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: nilivyojifunza kukagua kivinjari kabla ya kukifungua

Kompyuta nambari 4 katika saiba yangu hapa Langoni ina jina lake. Wateja wa siku nyingi huiita "mgonjwa". Imeshafutwa na kuwekwa upya kila kitu, haina neno tena, lakini jina limegoma kutoka. Aliyeiambukiza ugonjwa ni mimi mwenyewe.

Lamu ni mji mdogo. Ukipiga chafya Mkomani, Langoni wanakuombea rehema kabla hujatoa leso. Kwa hiyo siku alipokuja binti mmoja wa mtaani akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna ya kusoma habari za ugonjwa fulani bila atakayekaa kwenye kiti kile baada yake kujua, nilimwelewa bila maelezo. Nikamwambia, "Rudi kesho, mwanangu."

Nilikuwa nimeshasikia habari za Tor Browser. Ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kilichojengwa juu ya kile cha Firefox. Mawasiliano yako hupitishwa kwenye vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, kila kituo kikivua ganda moja la usiri kama mtu amenyavyo kitunguu, hata tovuti unayoisoma isijue umetokea wapi. Ukikifunga, kinasahau ulikopita. Wazo lenyewe lilizaliwa miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, na kivinjari sasa kinatunzwa na Tor Project, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 2006. Kwa saiba yenye viti vinavyokaliwa na watu thelathini kwa siku, nikaona hiki ndicho.

Usiku ule, saiba imefungwa, bando linakaribia kuisha, nikaandika jina kwenye injini ya utafutaji na kubonyeza kilichokuwa juu kabisa. Kilikuwa tangazo, na neno lenyewe la kusema ni tangazo lilikuwa dogo kama sisimizi. Ukurasa uliofunguka ulikuwa mzuri, rangi ya zambarau, kitufe kikubwa. Nikapakua, nikaweka, kikafanya kazi. Yule binti akaja, akasoma mambo yake, akalipa, akaenda.

Baada ya kama siku kumi, bwana mmoja anayesimamia nyumba ya wageni kule Shela akaja amefura. Alizoea kufungulia barua pepe yake kwenye nambari 4. Wageni wake wawili walikuwa wameandikiwa, kwa anwani yake mwenyewe, watume malipo ya awali kwenye akaunti asiyoijua. Mmoja alikuwa ameshatuma.

Siwezi kuapa kwamba chanzo kilikuwa faili langu. Huenda paswadi yake ilivujia kwingine. Ila nilipompigia simu rafiki yangu fundi aliyeko Malindi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulikagua sahihi?" Nikamuuliza sahihi gani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nichomoe waya wa intaneti kwenye mashine ile kwanza, mengine baadaye. Faili lilikuwa bado lipo kwenye folda ya vipakuliwa. Tulipolilinganisha na muhuri wa waundaji wa Tor Browser, halikuwa lao.

Sikuwa wa kwanza kuingia mtego huu. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya ESET ilifichua Tor Browser bandia iliyowalenga wasomaji wa Kirusi ili kuwaibia sarafu za kidijitali za bitcoin. Moja ya anwani zake iliandikwa torproect, herufi j imemezwa. Soma tena haraka uone kama ungeigundua. Mwaka 2022 Kaspersky nao wakaeleza juu ya chaneli ya YouTube ya Kichina yenye wafuasi zaidi ya 180,000, iliyoweka linki ya kivinjari bandia chini ya video. Kwa kuwa tovuti halisi imezuiwa China, watu waliichukua linki ile kama mwenye kiu achukuavyo maji ya kisima asichokijua. Kivinjari kile kilifanya kinyume kabisa cha kazi yake: kilihifadhi historia ya mtu na yale aliyojaza kwenye fomu.

Wala si Tor peke yake. Julai 2021 kulikuwa na tangazo kwenye Google lililowapeleka watu kwenye tovuti ya kuigiza ya kivinjari cha Brave, anwani ikiwa na herufi e yenye kinukta juu yake. Kinukta! Mtu angedhani ni uchafu wa kioo. Na tovuti ile ilikuwa na kufuli dogo pale juu kama kawaida. Kufuli lile watu wengi hulielewa vibaya. Linasema tu kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa, wengine hawapenyi. Halisemi aliye upande wa pili ni mwaminifu, na siku hizi hupatikana bure, mwizi naye analipata.

Basi sasa anwani naiandika kwa mkono wangu: torproject.org. Sibonyezi tangazo, sifuati linki iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp hata kama aliyeituma ni ami yangu. Hiyo ni hatua ya kwanza, na wengi huishia hapo. Mimi nasema haitoshi, kwa sababu hata tovuti halisi huweza kuingiliwa. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilidukuliwa, na waliopakua siku ile, kutoka anwani sahihi kabisa, wakapewa mfumo wenye mlango wa nyuma wa kumwingiza mdukuzi.

Hapa ndipo sahihi inapoingia. Wazee wetu waliopeleka barua na mizigo kwa majahazi hawakuweza kumjua kila baharia. Walichokijua ni muhuri wa tajiri aliyetuma. Nta ikiwa nzima na alama ni ileile, barua imepitia mikono mingapi si hoja. Sahihi ya kidijitali ni hivyohivyo: waundaji wana ufunguo wao wa siri, wanapiga nao muhuri faili, na wewe ukiwa na ufunguo wao wa wazi unaweza kupima. Ikibadilika hata herufi moja ndani ya faili, muhuri unakataa.

Usichanganye na hashi, ile mistari ya SHA-256 yenye herufi na tarakimu 64 ambayo tovuti nyingi huiandika kando ya faili. Hashi ni nzuri kwa kujua kama faili limefika zima, halikukatika mtandao ulipoyumba (na wa hapa huyumba). Lakini aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti ataweza kubadilisha na hashi iliyo kando yake. Muhuri hawezi kuupiga bila ufunguo wa siri.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye ukurasa wa kupakua, karibu na kila faili kuna linki ndogo iliyoandikwa "Signature". Hiyo inakupa faili dogo lenye mkia wa .asc. Mimi nilihangaika nusu saa kwa sababu nilipoibonyeza ilifunguka kama maandishi tu kwenye kioo. Bonyeza kulia, uihifadhi. Yote mawili, kubwa na dogo, yakae folda moja, na majina yafanane isipokuwa mkia. Ukilipakua mara mbili kompyuta huongeza (1) kwenye jina, na hapo vitu havipatani, unabaki unalaumu wadukuzi wasiohusika.

Kwenye Linux programu ya gpg, ya kupimia sahihi, mara nyingi ipo tayari. Kwenye Windows unaweka Gpg4win, inayokuja na Kleopatra. Kuuchukua ufunguo wa waundaji ni mstari mmoja, unaouandika kwenye dirisha la amri (terminal):

gpg --auto-key-locate nodefault,wkd --locate-keys torbrowser@torproject.org

Kisha gpg --verify, ukifuatisha jina la faili la .asc na jina la faili kubwa. Ikijibu "Good signature", nzuri. Ikijibu "BAD signature", futa faili, usijadiliane nalo.

Kuna jambo lililonitia hofu mara ya kwanza. Chini ya jibu zuri programu huongeza onyo kwamba ufunguo huu haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Nikafuta faili, nikapakua upya, megabaiti kama 100 za bando zikaenda bure, onyo likarudi vilevile. Maana yake ni ndogo: programu imeona muhuri unalingana na ufunguo uliopewa, lakini yenyewe haijui ufunguo huo ni wa nani. Hilo imekuachia wewe. Na kusema kweli hapa ndipo penye uzito wa shughuli nzima, maana ukikagua mali ya mwizi kwa ufunguo wa mwizi, kila kitu kitalingana.

Kwa hiyo unatazama alama ya kidole ya ufunguo, herufi na tarakimu 40. Niliyonayo mimi ni hii:

EF6E 286D DA85 EA2A 4BA7 DE68 4E2C 6E87 9329 8290

Usinichukue mimi kuwa shahidi wa pekee. Hujui kama ukurasa huu haujaguswa, wala hujui kama mimi si mwongo. Ilinganishe na iliyo kwenye tovuti ya Tor Project, kisha na nyingine uliyoipata kwa njia tofauti: simu yenye laini ya mtandao mwingine, kompyuta ya kazini, rafiki aliyeihifadhi miaka miwili nyuma. Na ulinganishe zote 40. Kutazama nane za mwisho ni uvivu wa hatari, kwani kutengeneza ufunguo bandia wenye nane zilezile kunawezekana. Kazi hii unaifanya mara moja. Ufunguo ukishakuwa kwako, faili lijalo unalipima kwa uleule. Mimi nimeiandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa kwanza, juu ya wanaonidai na ninaowadai.

Mwenye haraka anaweza angalau kufanya hili kwenye Windows: bonyeza kulia kwenye faili, fungua sifa zake, tazama sehemu ya sahihi za kidijitali. Iwepo "The Tor Project, Inc." Si mbadala wa gpg, ila ni afadhali kuliko macho matupu, ambayo ndiyo niliyoyatumia mimi.

Faida nyingine niliichelewa kuiona. Bando hapa ni ghali kwa vijana, kwa hiyo programu husafiri kwa fleshi. Zamani nilikuwa nakemea fleshi kama kipindupindu. Sasa napakua mara moja, nakagua, naweka faili pamoja na .asc yake, anayetaka achukue. Yule mwenye ufunguo kwake atapima mwenyewe, hahitaji kuniamini. Ndiyo sababu Tor Project wenyewe hawaoni tabu kugawa kivinjari kupitia hifadhi nyingine za mtandaoni na hata kwa barua pepe, ukiwaandikia gettor@torproject.org, kwa walio kwenye nchi ilikozuiwa tovuti yao.

Kwenye simu mambo ni mafupi. Android, kichukue Play Store, uhakikishe mtengenezaji ni The Tor Project, au kwenye F-Droid, duka jingine la programu, kupitia hifadhi ya Guardian Project, waundaji wa programu za faragha. Iphone haina Tor Browser. Wenyewe wanaelekeza Onion Browser, na ukiona "Tor Browser ya Iphone" pita mbali. Ninachokiogopa zaidi ni mafaili ya APK, yale ya kuwekea programu kwenye Android, yanayorushwa kwenye makundi. Telegram ilipozuiwa hapa Kenya wakati wa mitihani ya sekondari ya KCSE, Novemba 2023 na tena 2024, vijana walikuja hapa na APK za kila aina, za kuifungulia njia. Mmoja nilimuuliza imetoka wapi. "Kwa group, mjomba." Group ya nani? Hakujua.

Mengine machache. Kivinjari hiki hujisasisha chenyewe na hukagua masasisho yake, kwa hiyo usikizuie. Usikiongezee vikorombwezo, zile programu ndogo za kupachika. Na ukiingia humo kwenye Facebook yako kwa jina lako, basi Facebook wanajua ni wewe, kitunguu hakitakusaidia.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kutaka kushika jambo kwa mikono yake. Nikamwekea kila kitu, tukafika kwenye alama ya kidole. Akavaa miwani, akachukua daftari langu la madeni, mimi nikakaa kwenye kioo. Yeye anasoma, mimi naitikia. "E, F, sita, E." "Ipo, Mwalimu." "Mbili, nane, sita, D." "Ipo." Tulipomaliza kundi la saba, stima ikapotea mtaa mzima.

Nikamwambia makundi yaliyobaki ni matatu tu, na daftari ni langu, sina shaka nayo. Akaniangalia juu ya miwani kwa namna aliyokuwa akituangalia darasani.

Kesho yake asubuhi alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Usiku alikuwa amempigia mwanawe aliyeko Malindi, akamsomesha alama yote kutoka kompyuta ya huko, herufi kwa herufi, akaiandika kwa kalamu ya wino. "Leo soma wewe kutoka kwenye kioo," akasema akivuta kiti, "na daftari lako liweke kando."