Ninahamishwa Eneo la Misheni, na Moyo Wangu Unakataa Kuondoka

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 21, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho katika nchi ya kigeni. Nimetimiza miezi tisa, yaani nusu ya muda wangu, yote katika eneo moja. Juzi rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa hapa, alitangaza uhamisho na jina langu lilikuwamo. Wiki ijayo ninakwenda mji wa mbali, kwa mwenza, yaani mmisionari mwenzangu wa kufanya naye kazi, nisiyemfahamu, ambako watu huzungumza kwa lafudhi inayonishinda. Hapa ninamwacha mama mmoja tuliyemfundisha kwa muda mrefu, ambaye amekaribia kubatizwa. Tangu nimpe habari hizi hapokei simu zangu. Usiku ninalia. Je, nimwombe rais aniache hapa? Na hofu hii ni dalili kwamba imani yangu ni haba?*
*Dada Mmisionari*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hofu, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Mtume Paulo, ambaye hakuna anayemdhania uhaba wa imani, aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba alifika kwao akiwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka sana, na kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba akiwa mjini humo aliambiwa katika maono ya usiku asiogope, aendelee kunena. Alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, muda uleule ambao kanisa lako huwapangia wamisionari wa kike. Kwa hiyo usiipime imani yako kwa machozi ya wiki hii. Binti aliyeondoka kwao, akajifunza lugha ya watu wengine na kupendana nao kiasi kwamba kuagana kunamuuma, hana sababu ya kujiona mpungufu.

Jambo ambalo limenikalia moyoni zaidi ni la huyo mama. Jiulize kwa unyofu, bila kujilaumu: je, amelipenda lile analofundishwa, au amekupenda wewe uliyemfundisha? Huenda yote mawili ni kweli, na hakuna ubaya wowote, maana ni nadra mtu kuipokea imani kutoka kwa asiyempenda. Hata hivyo, kama hatua yake inategemea uwepo wako, ni afadhali ijulikane sasa kuliko miezi mitatu baada ya ubatizo, atakapokuwa ameingia katika jumuiya ambayo ndani yake anakufahamu wewe peke yako. Kwa sababu hiyo ninakusihi usimharakishe abatizwe wiki hii ili uwahi kuwapo. Siku hiyo ni yake, na akihitaji kungoja, angoje.

Acha kumpigia simu. Nenda ukamwone pamoja na mwenza wako, mkae naye, na umwambie kwamba hukuomba uhamisho huu, kwamba unahuzunika kumwacha, na kwamba ana haki ya kukasirika. Akinyamaza, usijaze ukimya huo kwa maandiko. Usimwahidi kwamba utarudi, kwa sababu ratiba yako haimo mikononi mwako, na ahadi ya mtu anayeondoka husubiriwa kwa muda mrefu sana. Kama ilivyo kawaida ya uhamisho, mmoja huondoka na mwenzake hubaki. Kwa hiyo kuna mtu anayemfahamu mama huyo ambaye wiki ijayo atabisha hodi mlangoni pake. Mwachie mwenza huyo nafasi ya kuongoza mazungumzo kuanzia sasa, nawe ukae pembeni kidogo, ili mama ayazoee mabadiliko ukiwa bado upo.

Kisha andika. Chukua daftari na kwa kila mtu mnayemfundisha weka maelezo ambayo mgeni hawezi kuyakisia: ni siku gani anatoka kazini amechoka asitembelewe, watoto wake wanaitwa nani, ni swali gani aliuliza nanyi hamjalijibu. Yale aliyokuambia kwa siri, kuhusu ndoa yake au msiba wake, usiyaandike kabla hujamwomba ruhusa. Makabidhiano mabaya huwaumiza watu kuliko kuondoka kwenyewe, kwa sababu anayelazimika kusimulia upya maisha yake yote kwa kila kijana anayeletwa mwishowe huchoka na kufunga mlango.

Paulo huyohuyo aliondolewa Thesalonike ghafla, usiku, kwa sababu ya ghasia. Katika barua yake ya kwanza kwa watu wa mji huo anasema alitamani kurudi kwao zaidi ya mara moja, akazuiwa, na alipozidiwa akamtuma Timotheo badala yake. Timotheo aliporudi na habari kwamba bado wamesimama katika imani, Paulo alifarijika. Hakuona kwamba mwenzake amemnyang'anya watu wake. Ninatamani nawe uufikie moyo wa namna hiyo, ingawa sitegemei kwamba utaufikia kabla ya kupanda basi.

Huko uendako, wiki za mwanzo ziwe za kusikiliza. Lafudhi mpya haizoeleki kwa kujifungia na kitabu cha sarufi. Huzoeleka sokoni, kwa majirani, na hasa kwa watoto, ambao hurudia neno bila kuona haya. Mtu akisema usichokielewa, mwambie hukuelewa na umwombe arudie polepole. Kutikisa kichwa kana kwamba umeelewa kutakuingiza katika ahadi usizojua umezitoa. Jihadhari pia na maneno "kule nilikotoka tulikuwa tukifanya hivi." Mara ya kwanza wenyeji watakusikiliza kwa adabu, mara ya tano watajua kwamba bado hujafika kwao.

Kuhusu mwenza mpya, huenda naye leo analala akijiuliza wewe ni mtu wa namna gani. Jioni ya kwanza, kabla ya kupanga kazi, mwulize ni kitu gani humchosha, hupenda kufanya nini siku ya maandalizi, ile siku ya juma mnayoachiwa kwa shughuli zenu binafsi, na akikasirika anataka aachwe kimya au azungumzishwe. Mwambie na yako. Mtaishi chumba kimoja na kwenda pamoja karibu kila mahali, hivyo mambo madogo ya usafi, usingizi na fedha yasemwe mapema, yangali madogo.

Nyaraka nazo zisisahauliwe: nchi nyingi humtaka mgeni atoe taarifa anapohamia anwani mpya, kwa hiyo uliza ofisi ya misheni kama jambo hilo limeshughulikiwa, ujue pasipoti yako iko wapi, na uwe na nakala yake.

Ipo mipaka ambayo ushauri wa kuvumilia hauivuki. Mtu yeyote akikutisha, akikugusa usivyotaka au akikuambia ufiche jambo, awe mwenza, muumini au kiongozi, toa taarifa siku hiyohiyo kwa aliye juu yake, na uwaambie wazazi wako, ambao tangu mwaka 2019 kanisa lako linakuruhusu kuzungumza nao kila wiki. Vilevile, huzuni ikizidi wiki mbili, usiku hulali na chakula hakipiti, omba kuonana na mtaalamu wa afya. Kijana anayerudi nyumbani mapema kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au wa akili hajamkosea Mungu, na asikubali mtu amwambie vinginevyo.

Sasa swali lako kuhusu rais wa misheni. Kwa maoni yangu, usimwombe akuache hapo hadi mwisho, kwa kuwa sababu uliyonieleza ni kuzoea, na miezi tisa iliyobaki inaweza kukufunza mengi katika mji huo mwingine. Hata hivyo, kama mama huyo mwenyewe, baada ya kuzungumza nanyi, atachagua siku ya ubatizo na kusema kwamba anataka uwepo, mwandikie rais leo au kesho, umweleze jambo hilo moja kwa ufupi, na umwulize kama unaweza kuruhusiwa kuhudhuria siku hiyo kisha uendelee na kazi yako mpya. Akikataa, mpelekee mama jibu hilo wewe mwenyewe kabla hujafunga mizigo.